Miezi mitatu na cheti: tumechoka kufundishwa kama watu wa kupita

Ndugu zangu vijana, na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa kimya kimya bila kuacha neno (tunawajua!), leo sibembelezi mtu.

Kuna maneno matatu nimechoka kuyasikia hapa Nakivale: "Hiyo kubwa kwenu." Yanasemwa kwa upole. Anayesema amevaa kizibao cha shirika, anatabasamu, hana ubaya wowote. Unamwambia kuna msichana zoni yetu anajifunza kuandika programu za meinifremu, anakuangalia kama umemwambia anatengeneza ndege nyuma ya choo. "Hiyo kubwa kwenu. Tuanze na kompyuta ya msingi kwanza."

Sawa. Tumeanza na kompyuta ya msingi. Tulianza mwaka juzi, tukaanza mwaka jana, na mwaka huu tumetangaziwa kwamba tutaanza tena. Kuna jirani yangu ana vyeti vinne vya kompyuta ya msingi kutoka kwa mashirika manne. Misingi minne, nyumba hakuna.

Hoja yangu ni moja, naiweka hapa juu ili mwenye bando kidogo aondoke nayo: kijana wa kambini hakosi akili ya kujifunza kazi ngumu. Anakosa muda mrefu, na anakosa mtu wa kuisoma kazi yake na kumwambia wapi amekosea. Cheti hakisomi kazi ya mtu. Haya mafunzo ya miezi mitatu mitatu yanatuhesabu kama abiria waliokaa stendi wakingoja basi. Na hilo basi, jamani, wazazi wetu walilingoja, sisi tunalingoja, na watoto wanaozaliwa hapa nao wameshaanza kulingoja.

MEINIFREMU NI NINI, NA INATUHUSU NINI

Meinifremu ni kompyuta ya kazi nzito. Usifikirie chumba kizima chenye mataa kama kwenye sinema za zamani. Ya siku hizi ina ukubwa wa friji kubwa. Haikuundwa kwa ajili ya kuchora picha wala kucheza gemu. Inahesabu vitu vidogo vidogo, vingi mno, usiku na mchana, bila kuzimika na bila kupoteza hata senti. Mtu akilipa kwa kadi ya benki huko London, akikata tiketi ya ndege, akipokea pensheni yake, mara nyingi huko nyuma kuna meinifremu inayofanya hesabu. IBM walitangaza familia ya mashine za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na mashine zao za leo bado zinaweza kuendesha programu nyingi zilizoandikwa enzi za babu zetu.

Lugha kubwa ya mashine hizi inaitwa COBOL. Ilianza kutungwa mwaka 1959. Na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sababu nimeandika. Kamati iliyoitunga ilipewa kazi ya kutengeneza kitu cha muda, cha kuziba pengo, mpaka wataalamu watulie wapate kitu kizuri zaidi. Cha muda! Zaidi ya miaka 60 imepita na hicho kitu cha muda bado kinalipa watu mishahara.

Sasa linganisha. Nakivale yenyewe ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa kwanza walikuwa Wanyarwanda, na wao waliambiwa ni kwa muda. Halafu tukaja Wakongo, wakaja Warundi, Wasomali, Waethiopia, wote kwa muda. COBOL na makazi haya ni kama vijana wa rika moja: wote wawili walipangiwa kuwa vya kupita, na wote wawili wapo. Tofauti ni kwamba benki ziliukubali ukweli zikaajiri watu wa kuitunza COBOL. Sisi bado tunapangiwa mafunzo ya watu watakaoondoka Jumatatu.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, corona ikiwa imepamba moto, gavana wa jimbo la New Jersey kule Marekani, Phil Murphy, alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wa kujitolea wanaojua COBOL. Mamilioni ya Wamarekani walikuwa wamepoteza kazi, maombi ya malipo yakafurika, na mfumo wa jimbo lake ulikuwa na miaka zaidi ya 40. Hebu soma tena: jimbo la nchi tajiri lilikuwa linatafuta volantia. Ndugu zangu, kuna watu duniani wanaojua uvolantia kuliko sisi?

Mwezi huo huo, Open Mainframe Project, mradi ulio chini ya Linux Foundation tangu 2015, ukishirikiana na IBM, uliweka kozi ya COBOL kwenye GitHub. Bure. Bila kuulizwa una pasipoti gani. Wazee wanaoijua kazi hii wanastaafu, vijana wa huko wanataka kutengeneza apu za simu, na mlango umeachwa wazi. Sisi tunaambiwa ni mkubwa kwetu.

DADA MMOJA NA FLASHI MOJA

Huyo dada simtaji jina, hakuniomba nimtangaze. Ana miaka 22, ametoka upande wa Uvira, amemaliza sekondari hapa hapa. Asubuhi anasaidia mama yake kuuza maandazi. Mchana alikuwa anakuja kwenye kituo cha kompyuta cha shirika moja ambalo nalo silitaji.

Mwalimu mmoja wa kujitolea, alipokuwa anamaliza muda wake, alimwachia flashi. Ndani yake kulikuwa na Hercules, programu huria iliyotoka mwaka 1999, inayofanya laptopu ya kawaida ijifanye meinifremu. Kulikuwa na mfumo wa zamani wa MVS ambao mtu anaruhusiwa kuutumia bila kununua leseni. Kulikuwa na GnuCOBOL, ya kuandikia COBOL kwenye kompyuta ya kawaida. Na kulikuwa na ile kozi ya bure. Vyote kwenye flashi unayoweza kuifunga kwenye ncha ya kitenge.

Watu wanasema masomo ya kompyuta yanakula bando. Ni kweli, ukifundishwa kwa video. Lakini skrini ya kawaida ya meinifremu ina mistari 24, na kila mstari una herufi 80. Piga hesabu: herufi 1,920. Ni maandishi tu, picha hakuna. Video moja ya dakika kumi inakula deta ya skrini nyingi kuliko utakazofungua mwaka mzima. Na kwenye flashi, deta ni sifuri. Kama kuna ufundi mkubwa wa kompyuta unaofaa mahali penye solar moja na mtandao wa kukatikakatika, ni huu. Anayesema ni mkubwa kwetu hajafanya hesabu hiyo.

Zile herufi 80 zina historia. Zamani programu zilitobolewa kwenye kadi za karatasi, kila kadi nguzo 80, na COBOL ya kawaida mpaka leo inakumbuka kadi hizo. Nguzo sita za kwanza ni za namba ya mstari. Ya saba ni ya alama: ukiweka nyota hapo, mstari unakuwa maelezo tu, mashine hausomi. Kuanzia ya nane ndiyo unaandika vichwa, kuanzia ya kumi na mbili ndiyo unaandika kazi, mpaka ya sabini na mbili. Ukianza mahali pasipo pake, inakataa. Ukisahau nukta, inakataa au, mbaya zaidi, inakubali na kufanya usichotaka. Dada yetu alichora nguzo hizo kwenye daftari la hesabu, kiboksi kimoja herufi moja, akawa anaandika programu kwa penseli nyumbani na kuzipiga kwenye laptopu mchana. Ndivyo wenye lugha yao walivyofanya miaka ya 1960.

Mazoezi yake ya kwanza makubwa yalikuwa orodha ya kaya za kubuni: namba ya kaya, idadi ya watu, kilo za mahindi. Majina ya nguzo za data aliyaandika kwa Kiswahili, maana COBOL haijali. Mstari wake mmoja ulikuwa hivi: ADD IDADI-WATU TO JUMLA. Hata mama wa maandazi anaelewa: ongeza idadi ya watu kwenye jumla.

Programu ikaanza vizuri, ikafika katikati, ikaanguka. Mashine ikamwandikia S0C7. Watu wa meinifremu wanaijua hiyo kama sisi tunavyoijua malaria. Maana yake: umeniambia nihesabu, lakini nilichokuta hapa si namba. Alitafuta siku mbili. Kumbe kaya moja aliiacha bila idadi ya watu, akaweka nafasi tupu. Kwa macho yetu nafasi tupu ni kama sifuri. Kwa mashine, tupu si sifuri. Tupu ni kitu kingine kabisa.

Nasema ukweli, nilimwambia huyo dada kwamba hapo amejifunza kitu ambacho maofisa wengi hawajajifunza. Kaya ambayo idadi yake haikujazwa haina watu sifuri. Ina watu ambao hakuna aliyewaandika.

Dawa yake katika COBOL ni kuuliza kabla ya kujumlisha: IF IDADI-WATU IS NUMERIC. Yaani, kagua kwanza kama ni namba. Alipoelewa, aliona kwamba sehemu moja ya maelezo aliyokuwa anasoma haikumweleza mwanafunzi jambo hilo kwa uwazi. Akaandika marekebisho, mistari michache, Kiingereza chake cha kuokoteza, akayatuma kwa wenye mradi siku alipopata mtandao.

Baada ya siku tatu akajibiwa. Mtu asiyemjua, yuko nchi nyingine, aliisoma mistari yake mmoja mmoja. Alimwambia huu ni mzuri, huu haueleweki, na huu kwa nini umeuandika hivi? Alirekebisha. Akaambiwa tena. Akarekebisha tena. Mara ya tatu kazi ikapokelewa, ikaingia, na jina lake liko pale.

Katika vyeti vyake vyote vya hapa, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kumuuliza "kwa nini umeandika hivi?"

ULEZI SI MAFUNZO

Hilo ndilo neno ninalotaka tushikane mashati: ulezi. Miradi ya programu huria ina utaratibu huu. Mwanafunzi anaomba, akichukuliwa anapewa mlezi na kazi halisi ambayo mradi unaihitaji. Kwenye mpango wa Linux Foundation, ambao Open Mainframe Project imo ndani yake, muda ni wiki 12 kwa anayefanya siku nzima, au wiki 24 kwa anayefanya nusu. Kuomba ni bure. Anayefanya kazi hulipwa kiasi kinachopangwa kulingana na nchi anayoishi. Wanafunzi wamewahi kupewa kazi kwenye ile kozi ya COBOL yenyewe, na kwenye Zowe, mradi wa mwaka 2018 unaomwezesha kijana kufanya kazi na meinifremu kwa zana za kisasa badala ya skrini za zamani tu.

Ona tofauti. Mafunzo ya hapa yanapimwa kwa idadi ya vichwa: wangapi waliingia, wangapi wasichana, wangapi wamepewa cheti, picha ya pamoja, kwaherini. Ulezi unapimwa kwa kazi: ulifanya nini, kinaendeshwa au hakiendeshwi, nani amekisoma, bado kipo? Mafunzo yanakwisha tarehe ya bajeti. Ulezi unakwisha kazi ikiisha. Kwenye mafunzo unaweza kukaa nyuma miezi mitatu bila mtu kujua kama umeelewa. Kwenye ulezi hakuna nyuma.

Na sisi hili tunalijua tangu nyumbani. Fundi cherehani wa sokoni hatoi cheti cha miezi mitatu. Anakuweka pembeni yake, unafagia, unapiga pasi, unashona mifuko, anakufumulia, unashona tena. Siku akinyamaza ndiyo unajua umefuzu. Nani alituambia kompyuta inafundishwa kwa njia nyingine?

SASA KABATI

Turudi kwa dada yetu. Alipopokelewa ile kazi ndogo, aliamua kuomba ulezi kwenyewe. Maombi yana barua, maelezo ya ulichofanya, na mara nyingine kazi ya kujaribiwa. Dirisha likafunguliwa. Wiki ile ile mradi wa kituo chetu ukafika mwisho wa awamu. Laptopu ishirini zikafutwa vumbi, zikahesabiwa, zikafungwa kwenye kabati la chuma mpaka awamu nyingine ipate mfadhili. Tukaomba moja tu. Si ya kupeleka nyumbani: ya kutumia pale pale, mlinzi akiwepo. Jibu likawa kwamba vifaa ni vya wanufaika wa mradi, na kwa sasa mradi hauna wanufaika.

Rudia polepole. Mtu amesimama mlangoni, na karatasi inasema hakuna mtu.

Tupu si sifuri, wakubwa!

Aliazima laptopu ya kijana wa studio ya picha, usiku, kwa makubaliano ya kulipia umeme. Betri ilikuwa imekufa. Alipomaliza barua, dirisha lilikuwa limefungwa kwa siku mbili. Laptopu ishirini zimekaa gizani kwenye chuma, mita chache kutoka kwake, muda wote huo.

Sisemi shirika lile lina watu wabaya. Nasema lina utaratibu unaoona mradi na hauoni mtu. Utaratibu ukiwa hivyo, watu wazuri wanafanya kazi mbaya na wanalala usingizi.

MNAYOTUJIBU SIKU ZOTE

"Watu wana njaa, ninyi mnataka meinifremu." Njaa tunaijua, hatuhitaji kukumbushwa; mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 tuliokaa foleni ni sisi. Ndiyo sababu yenyewe. Mtu mwenye ufundi unaolipwa hatagombania kilo. Na hatujaomba hela ya chakula iende kwenye kompyuta. Tumeomba hela ambayo tayari ni ya kompyuta ifanye kazi ya kompyuta.

"COBOL inakufa, na siku hizi akili bandia inaandika yenyewe." COBOL imetangaziwa kifo tangu baba zetu hawajaoa. Na kuhusu akili bandia: ni kweli, mwaka 2023 IBM wenyewe walitangaza chombo cha kusaidia kugeuza COBOL kuwa Java. Lakini benki haiwezi kukubali tafsiri ya hesabu za wateja bila mtu anayesoma pande zote mbili na kusema hapa sawa, hapa umepotosha. Msomaji huyo ndiye tunataka kumtengeneza. Aliyefundishwa kubonyeza tu ndiye mashine itakayemwondoa, na ninyi ndio mnaotufundisha kubonyeza.

"Hakuna kazi ya hivyo hapa." Kweli, Isingiro haina meinifremu. Lakini kazi hii inafanywa kwa mbali. Na Uganda, tuseme asante panapostahili, sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi. Wenzetu wa Nyarugusu kule Tanzania na wa Dzaleka kule Malawi hawana uhuru huo. Sheria inawabana ndani ya kambi, na kazi ya mshahara ni vikwazo juu ya vikwazo. Mipango mingi ya ulezi inauliza kwenye fomu: je, unaruhusiwa kufanya kazi nchi unayoishi? Sisi wa hapa tunaweza kujibu ndiyo. Ndiyo hiyo ni mali. Tunaiacha ioze.

"Watafaulu wachache tu." Ndiyo. Nafasi ni chache na waombaji wanatoka dunia nzima. Simdanganyi mtu. Lakini hesabu ya ulezi haiko hivyo. Mmoja akiingia, akarudi akakaa na watatu, na kila mmoja wa hao akakaa na watatu, nionyeshe mafunzo yenu ya watu sitini yaliyowahi kuzaa hivyo.

TUNACHOTAKA, BILA KUZUNGUKA

Kwanza, funguo. Kituo kikiwa kati ya awamu na awamu, vifaa visifungwe. Kamati ya vijana ipewe saini, daftari la kuingia na kutoka, na mlinzi yule yule. Kikipotea kitu tuulizwe sisi.

Pili, mwaka mmoja badala ya miezi mitatu. Chukueni watu sita badala ya sitini kama ni lazima. Wachujwe kwa kazi waliyoandika, siyo kwa nani anafahamiana na mtafsiri wa ofisi.

Tatu, mtu wa kusoma. Kila mwanafunzi awe na mtu anayejua kazi ile, hata awe mbali, anayesoma alichoandika angalau mara moja kwa wiki. Wataalamu waliostaafu wapo duniani. Ninyi mnajua kuandika barua za kuomba wafadhili. Andikeni pia za kuomba walezi.

Nne, karatasi. Mtu akipata nafasi ya kulipwa, malipo yanahitaji akaunti yenye jina lake, na akaunti inahitaji kitambulisho na mara nyingine barua. Barua hiyo itoke ndani ya siku saba. Dirisha la maombi halijui "rudi wiki ijayo."

Tano, badilisheni swali kwenye ripoti. Badala ya "wangapi wamefunzwa?" andikeni "nani amefanya nini, na nani ameisoma?" Mfadhili akishangaa, mtumieni hii.

NA SISI VIJANA

Tusijifanye malaika. Wengi wetu tunafuata mafunzo kwa sababu ya soda na nauli. Tunajiandikisha mahali pawili, tunasaini, tunatoka kwa dirisha. Wengine wanadharau COBOL kwa sababu skrini yake ni nyeusi na maandishi ya kijani, haipendezi kupigia picha. Basi kaeni na picha.

Anayetaka, aanze na alichonacho. Hana laptopu? Daftari la viboksi na penseli, nguzo ya saba ni ya alama, ya kumi na mbili ndiyo unaanza kazi. Akipata laptopu, flashi tunayo, tunanakili bure. Akipata mtandao wa kueleweka, IBM wana mafunzo yao ya bure yanayoitwa IBM Z Xplore, unafanya mazoezi kwenye meinifremu ya kweli. Kiingereza kinakusumbua? Andika kwa sentensi fupi. Watu wa programu huria wengi Kiingereza si lugha ya mama yao, watakuelewa. Na mtu akikuambia ulipe elfu hamsini akuingize kwenye ulezi, huyo ni tapeli. Kuomba ni bure.

Dada yetu anaomba tena dirisha lijalo. Safari hii barua iko tayari, imeandikwa, imesomwa na watu watatu na kufumuliwa mara mbili. Kilichobaki ni mashine ya kukaa nayo wiki chache bila kufukuzwa. Kabati lina funguo mbili na waliozishika wanasoma hapa. Tunaomba moja.

Kila Jumamosi saa nane mchana tunakaa karibu na kanisa la mabati, chini ya mwembe. Laptopu mbili, solar moja, nafasi ipo. Njoo na daftari. Anayepinga niliyoandika naye aje, apinge akiwa amekaa.